Nilifuga kuku wa utafiti Shauri Moyo, unyoya wake ukanitajia jirani

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Mimi ni msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, wa kusoma nyuzi za watu na kuondoka bila hata kuacha like. Leo nimeamua kuandika. Sitaongeza chumvi, kisa chenyewe kina chumvi yake ya kutosha. Anayetaka kubisha abishe, ila asome mpaka mwisho kwanza.

Majina nimebadilisha, isipokuwa moja. Hilo niliomba ruhusa.

Kazi yangu ni kuosha manyoya ya ndege. Mkimaliza kucheka tuendelee.

Niko kwenye maabara moja hapa Nairobi, chini ya Daktari mmoja, mama wa Pwani. Daktari wa ndege, si wa hospitali. Yeye anatafiti buabua, wale ndege weupe wa baharini wenye mkia uliogawanyika. Wanakuja visiwani kutaga, wanalea watoto, halafu wanapotelea baharini miezi na miezi. Huko wanakopotelea ndiko wanakobadilisha manyoya. Unyoya wa zamani unaanguka, mpya unaota mahali pake, na hakuna binadamu anayeona hayo yakitendeka.

Sasa utajuaje ndege alikuwa wapi na hukuwa naye?

Ujanja uko hapa. Unyoya ukiwa unaota unalishwa na damu, na damu inalishwa na chakula. Ukishakomaa, damu inafunga na unyoya unabaki umekufa, kama kucha tu. Lakini alichokula ndege wakati ule kimebaki humo. Kuna nitrojeni nyepesi na kuna nzito, na kaboni vivyo hivyo. Anayekula samaki wa bahari anabeba nitrojeni nzito zaidi kuliko anayekula mahindi na maharage. Ncha ya unyoya ndiyo inayoota kwanza, shina linaota mwisho. Kwa hivyo ukikata vipande kutoka ncha kwenda shina na kuvipima kimoja kimoja, unasoma ndege alivyokuwa akila, mwanzo hadi mwisho.

Daktari hupenda kusema, "Ndege hatuambii alikuwa wapi. Tunauliza unyoya."

Kazi ya kuosha na kukata ndiyo yangu. Unaosha unyoya kwa dawa ya kuondoa mafuta, unauanika, unakata kipande kidogo mno, unakitia kwa kibano ndani ya kikombe cha bati kinachotosha mdomo wa sisimizi, unakikunja. Dirisha limefungwa. Feni hakuna. Redio hakuna. Hata kuongea ni shida, kwa sababu ukipumua vibaya kipande kinapaa na hukioni tena.

Kwa hivyo mimi ni mtu anayelipwa kunyamaza kutwa.

Halafu jioni natembea hadi Shauri Moyo, kwenye nyumba ya zamani ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, aliyokodi mzee wangu enzi za kazi yake ya kiwandani. Alipostaafu walirudi Vihiga na mama. Ndugu zangu kila mmoja alishika njia yake. Nikabaki mimi na kochi la mama. Kulikuwa na msichana, tumwite Nekesa, ambaye tulipanga mambo mengi. Akaanza kuchelewa kujibu simu, kisha akaacha kabisa. Hakuna ugomvi uliotokea. Nilingoja hata ugomvi.

Nyinyi mnaoishi peke yenu mnajua kile kitu cha kufika nyumbani, kufungua kufuli, na kikombe cha chai kiko pale pale ulipokiacha asubuhi. Hakuna aliyekigusa. Mimi kile kikombe kilinichosha sana, wakuu.

Basi turudi kwa kuku.

Daktari alitaka kuonyesha kwamba chakula kikibadilika, unyoya unaonyesha kwa mpangilio. Kwa buabua huwezi, huwezi kumfuata baharini na sahani. Akaamua kutumia kuku. Namba Moja akae kwake nyumbani, ale mahindi na maharage tu. Namba Mbili ale samaki wa bahari tu, unga aliouandaa Daktari mwenyewe. Tunang'oa unyoya mmoja wa bawa kwa kila kuku, mwingine unaota, ukikomaa tunaupeleka kwa mashine. Hapo maabara wanyama hawaruhusiwi. Akauliza nani ana ua nyuma ya nyumba.

Nikainua mkono kabla hajamaliza kuuliza.

Aliniambia kitu kingine siku hiyo. "Kama huyu kuku atatoka vizuri, safari ya kisiwani ikija nitakwenda na wewe. Utashika buabua kwa mikono yako."

Wakuu, mimi sijawahi kuona bahari. Nimeosha manyoya ya ndege wa bahari mpaka vidole vimekauka, lakini bahari yenyewe naijua kwa picha. Ile ahadi nilitembea nayo kama mtu aliyemeza taa.

Namba Mbili alikuwa tembe mweupe mwenye madoa shingoni. Nikamjengea kizimba cha mbao za soko la Gikomba na wavu, nikakiegemeza kwenye mabati yanayotenganisha ua wangu na wa jirani. Nikafunga kufuli kwa sababu ya paka, maana ule unga ulinuka mpaka watu wa plot wakaanza kuniangalia vibaya. Kwenye kona moja bati lilikuwa limekunjika kidogo na kuacha mwanya. Niliuona. Nikasema mkono wa paka haufiki, nikaacha.

Upande wa pili wa mabati aliishi shosho mmoja, bibi kizee. Alikuwa akishona zipu na vifungo vya mitumba kule Gikomba, mpaka miguu ikamgomea akawa anashinda nyumbani. Alikuwa hapo tangu nikiwa shule ya msingi. Tulikuwa tukisalimiana, "Habari shosho," "Mzuri kijana wangu," basi, kila mtu ndani.

Siku moja alisimama mlangoni akaniambia, "Huyo kuku wako ni mpole."

Nikamjibu, "Ni wa kazi, shosho." Nikaingia ndani. Niliona nimejibu vizuri tu.

Nisiwafiche, yule kuku alibadilisha maisha yangu. Nilikuwa nikirudi namkuta amesimama kwenye ile kona ya mwanya, shingo imenyooka. Kona hiyo iko karibu na njia ninayopitia. Nikajua ananingoja mimi. Nikaanza kuharakisha kutoka kazini. Mtu mzima, napita Gikomba katikati ya mikokoteni nikikwepa watu, eti kuna kuku anaganda kwenye kona kwa ajili yangu.

Nikafika kiwango cha kutoa kistuli nje na kukaa naye. Nikawa namsimulia. Kazi ilivyokwenda, kipande kilichopaa, mama alivyouliza tena nitaoa lini. Nilimweleza habari za Nekesa zote, hata zile ambazo sikuwahi kumwambia mtu. Kuku anasikiliza vizuri, anageuza kichwa, unaona jicho moja, kisha jingine. Mtu ambaye kutwa amenyamaza anakuwa na maneno mengi jioni.

Kulikuwa na mambo ambayo ningepaswa kuyashtukia. Wiki za kwanza alikuwa akimaliza unga wake wote. Baadaye akawa anabakisha. Nikasema labda amekinai. Pia upande ule wa kona ulikuwa msafi, kama umefagiwa kwa kijiti. Nikasema ni upepo. Mtu akitaka kutoona, upepo unafanya kazi nyingi sana.

Karibu na mwisho wa jaribio, Jumamosi moja, pikapu ilisimama kwa shosho. Binti yake alikuwa amekuja kumchukua ampeleke Murang'a. Nilimwona shosho kupitia dirishani, amekaa mbele karibu na dereva, mkoba mapajani, godoro nyuma limefungwa kamba. Nikafikiria kutoka nikaage. Nikajiuliza nitaaga nikisema nini, na hata jina lake silijui. Pikapu ikaondoka.

Siku zile kuku hakula vizuri. Alisimama kwenye kona hata nilipokuwa nimekaa kwenye kistuli upande wa pili wake. Nikaogopa ni ugonjwa. Baadaye akarudi kula unga, akamaliza wote kama zamani. Unyoya ukakomaa, nikaung'oa, nikauosha mwenyewe, nikaukata mwenyewe. Vipande vikatumwa nje ya nchi kwenye mashine. Hapo ni kungoja, na wanasayansi wanajua kungoja. Namba Mbili alibaki kwangu, maana Daktari hakuwa na pa kumweka.

Majibu yalipokuja, Daktari aliniita ofisini. Alikuwa na laptop mbele yake na hakuniambia karibu.

"Keti hapo. Tazama. Hapa ni ncha. Nitrojeni iko juu, samaki huyo, sawa kabisa. Hapa inaanza kushuka. Inashuka, inashuka. Hapa katikati inakaribia kuwa kama ya Namba Moja wangu. Halafu hapa karibu na shina inapanda tena. Ulimpa nini kuku?"

"Samaki, Daktari. Unga wako tu."

"Unyoya hausemi hivyo."

Akaendelea, sauti imeshuka, na hiyo ndiyo ilinimaliza.

"Kama unga ulikwisha ukaona haya kuniambia, niambie. Kama uliuuza, niambie pia. Nitaudhika, kisha nitasahau. Ila usinifiche. Mimi nikienda kisiwani naenda na mtu ambaye nikimuuliza umeona nini, ataniambia alichoona."

Jamani, nilitamani kulia mbele ya mama wa watu. Sikuwa nimefanya chochote, na ushahidi ulikuwa hapo kwenye skrini, na ni mimi niliyeukata kwa mikono yangu. Nilimwambia sijui. Akasema, "Basi nenda ukajue."

Nilirudi nyumbani nimekasirika, sijui nimkasirikie nani. Nikaanza kukagua kizimba. Nikainua wavu, nikachungulia ule mwanya. Upande wa pili, chini ya bati, palikuwa na kifuniko cha zamani cha sufuria, na ndani yake punje mbili za mahindi zilizokauka na ganda la maharage.

Mama Brayo, anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwangu, alikuwa akianika nguo. Nikamuuliza kama kuna mtu alikuwa akimlisha kuku wangu.

Akanishangaa na kibanio mdomoni. "Kwani wewe hukuwa unajua? Shosho si alikuwa anampea githeri kila siku! Ukishatoka hivi job, yeye huyo na kiti chake. Anakaa hapo kwa kona anapiga story na kuku mpaka saa za lunch."

"Mbona hamkuniambia?"

"Sisi tulidhani mmeskizana, bana. Na wewe nani anaweza kukuambia kitu? Unapita hapa kama umebeba mayai kwa mdomo."

Nikaingia ndani nikakaa kwenye kochi la mama. Nikawa nafuata ule mstari kichwani. Ncha, hapo bado hajaanza kuja. Hapa unashuka, ameanza kuleta githeri, yale mahindi na maharage ya kuchemsha. Hapa katikati, anakuja kila siku. Hapa karibu na shina unapanda, pikapu imemchukua. Mtu alikuwa akija kwangu kila siku ya Mungu, na mimi nimejua kwa mashine iliyo ng'ambo.

Halafu lile jambo la kona likanijia, likaniuma kuliko la kazi. Kuku hakuwa akiningoja mimi. Alikuwa akimngoja shosho.

Kesho yake nilimweleza Daktari kila kitu, na Mama Brayo nikampigia simu athibitishe. Alithibitisha kwa kelele mpaka Daktari akasogeza simu mbali na sikio. Alipomaliza, Daktari akacheka kidogo, kisha akaniangalia kwa upole.

"Nakuamini. Na unyoya haukukosea hata kidogo, umesema kweli kuliko sisi. Lakini sijui alimpa kiasi gani wala alianza lini. Siwezi kuandika kwenye utafiti, githeri ya jirani. Tutarudia na kuku wengine."

Kurudia kulimaanisha safari ya kisiwani itanipita. Alikwenda kijana mwingine wa maabara. Aliniletea picha na kombe moja dogo la baharini. Sikumchukia, lakini nilipolishika lile kombe lilikuwa zito kuliko lilivyo.

Siku ile wao wako kisiwani, mimi nilimtia Namba Mbili kwenye katoni yenye matundu, nikapata maelekezo kwa binti yake shosho kupitia keatekaa, yule mtunzaji wa plot, nikaenda Murang'a.

Nilimkuta amekaa nje juani, ungo mapajani, anachagua maharage. Binti yake akamwambia kwa Kikuyu kuna mgeni. Aliinua macho, akaniangalia mimi, akaangalia katoni. Kabla sijasema habari, kuku akatoa sauti ndani.

Shosho akaweka ungo chini. "Wanja?"

Nikafungua katoni. Wakuu, mnisikilize vizuri. Yule kuku alitoka, akajikung'uta, akapita kando ya miguu yangu kama mimi ni kigingi, akaenda akasimama mbele ya shosho, shingo imenyooka vile vile. Kumbe alikuwa na jina muda wote huo. Mimi nilimwita Namba Mbili.

"Wewe ni yule kijana wa kuku," shosho akasema. "Keti. Nilikuwa nakuona unamlisha ile kitu inanuka, nikasema woi, huyu kijana hana chakula hata ya kuku, na anaona aibu kuomba. Nikawa namgawia kidogo. Nilikosea?"

Nilikuwa nimepanga kumweleza habari za nitrojeni. Nikasema, "Hapana, shosho. Hukukosea."

"Nilidhani wewe hupendi watu."

"Mimi nilidhani watu ndio hawanipendi."

Akacheka bila meno mengi. Binti yake akaleta chai. Tukanywa, Wanja akila maharage mabovu yaliyokuwa yakitupwa chini. Halafu shosho akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza habari ya mvua.

"Na yule msichana wako, Nekesa. Alirudi?"

Niliweka kikombe chini.

"Shosho, umemjulia wapi Nekesa?"

"Si ulikuwa unamwambia Wanja jioni? Mabati si ukuta, kijana wangu. Nilikuwa nakaa upande ule wangu nasikiza. Nilikuwa nataka kukuambia pole, lakini ningekuambia pole ungejua nimesikia. Nikawa kesho yake namuuliza Wanja, ameamka aje kijana wetu? Amekula?"

"Hakurudi, shosho."

"Pole."

Ndilo neno nililokuwa nimekosa tangu Nekesa aache kushika simu. Nililia, sioni aibu kusema. Nililia mbele ya shosho, binti yake, na kuku. Miezi yote ile nilijua naongea peke yangu, na kumbe kuna mtu alikuwa amekaa kwenye kiti, mkono mmoja kutoka nilipo, anasikiliza mpaka mwisho. Na yeye kutwa anaongea na kuku yule yule, kwa sababu mimi nilipita nikisema "ni wa kazi".

Wakati wa kuondoka niliuliza jina lake. Akaniangalia kama nimeuliza swali la mtoto. Akaniambia. Nikaomba ruhusa ya kuliandika mahali, akasema andika, mimi sidaiwi na mtu.

Wanja nilimwacha huko. Daktari alikubali. Nilirudi Shauri Moyo na katoni tupu, nikakuta kikombe changu pale pale.

Nilichojifunza ni hiki, na mnisamehe kama ni kidogo kwa uzi mrefu hivi. Manyoya ya buabua nimeyaosha nikijua kila unyoya una mahali ulikotoka, na watu husafiri mbali kutafuta mahali hapo. Jirani yangu sikuwahi kumuuliza hata anaitwa nani. Upweke wangu ulikuwa wa kweli, siukani. Ila ulikuwa na mwanya kwenye kona, na mkono ulipita hapo kila siku nikiwa kazini.

Kizimba bado kipo. Jioni bado natoa kistuli, sijui kwa nini. Nyumba ya shosho imepata mpangaji mpya. Namsikia akikohoa, na jana alikuwa akichemsha kitu chenye tangawizi. Sijamwona uso.

Sasa zamu yenu. Kabla hujaandika "pole mkuu" au "hii ni hadithi", andika hapa chini jina la jirani yako wa kulia au wa kushoto. Si "mama nani", si "yule mzee". Jina lake.

Naanza mimi. Aliyekuwa upande wa kulia anaitwa Nyambura. Aliyepo sasa simjui. Nikibonyeza kutuma hii nachukua majani ya chai na kwenda kumgongea.